Nembo yako ikikataliwa ng'ambo

SWALI: Nauza vikoi na nataka kupeleka mzigo nje. Jirani yangu aniambia nchi ikitunga sheria ya kubana nembo (alama za biashara) za wageni, nitaishtaki kwa WTO, Shirika la Biashara Duniani. Ni kweli?
Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: La, ndugu msomaji. WTO husikiliza serikali tu. Wewe utapeleka malalamiko yako kwa wizara ya biashara, nayo ndiyo itakayoamua kama kesi inafaa.

Tena serikali ikishinda, nembo si lazima irudi. Tazama ramu ya Havana Club. Cuba ilitaifisha kiwanda cha ukoo wa Arechabala mwaka 1960. Usajili wao wa Marekani ukaisha 1973 bila kuhuishwa, na 1976 shirika la serikali ya Cuba likasajili jina hilo huko Marekani. Baadaye Pernod Ricard ya Ufaransa ikaingia ubia na Cuba, nayo Bacardi ikanunua madai ya ukoo. Mwaka 1998 Marekani ikapitisha Kifungu cha 211, kinachokataza kutambua nembo za mali iliyotaifishwa Cuba isipokuwa mwenyewe wa awali ameridhia. Jumuiya ya Ulaya ikaishtaki Marekani kwa WTO. Uamuzi wa rufaa wa WTO wa 2002 ulikuta kwamba mrithi wa nembo asiye Mmarekani huruka viunzi viwili, Mmarekani kimoja. Huo ni ubaguzi, hata kama kiunzi cha pili kitamwangusha mtu kwa nadra. Lakini nani hasa mwenye nembo? Hilo, waamuzi walisema, TRIPS, mkataba wa WTO kuhusu haki za ubunifu na nembo, umeiachia sheria ya kila nchi.

Basi kinga yako ni usajili wa mapema, nchi kwa nchi. Cheti cha KIPI, ofisi ya Kenya inayosajili nembo, hakivuki mpaka. Ukishaomba KIPI una miezi 6 ya kuomba kwingine na kuhesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Kwa njia ya Madrid, mfumo wa kimataifa wa kusajili nembo, unapeleka ombi moja kupitia KIPI: ada ya msingi ni faranga 653 za Uswisi, au 903 nembo ikiwa ya rangi, mbali na ada za kila nchi. Mtego wake: usajili wa Kenya ukianguka ndani ya miaka 5, wa nje nao huanguka.

Angalia pia madaraja, yaani makundi ya bidhaa ambayo nembo husajiliwa. Kitambaa ni la 24, shati lililoshonwa ni la 25; ukilipia moja, jingine liko wazi. Na usiombe neno "kikoi" lenyewe, ni jina la nguo. Kampuni moja ya Uingereza ilijaribu "kikoy" huko kwao, ikapingwa, ikaacha.