Ebbsfleet: stesheni ilitangulia, mji unafuata

Maswali kuhusu Ebbsfleet, mji mpya unaojengwa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, yamezidi. Leo nayajibu manne.

Nikiangalia picha za angani naona mashimo tu. Mji uko wapi?

Hapo hapo kwenye mashimo, kati ya Dartford na Gravesend. Kwa miaka mingi eneo hilo lilichimbwa chokaa ya kutengenezea saruji, na sasa nyumba zinajengwa ndani ya machimbo. Hata Bluewater, jengo kubwa la maduka lililo jirani, limekaa ndani ya shimo tangu 1999.

Mbona ujenzi unasuasua?

Stesheni ya treni, Ebbsfleet International, ilifunguliwa 2007, abiria wakawa wanashukia kwenye maegesho ya magari. Serikali ilikuja kutangaza mji wa nyumba 15,000 mwaka 2014, na 2015 ikaunda shirika la kuuendeleza. Tatizo ni ardhi. Milton Keynes, mji mwingine mpya wa Uingereza, ilipoanzishwa 1967, shirika lake lilinunua mashamba kwa bei ya mashamba, likachonga barabara, kisha likauza viwanja. Faida ikarudi kwenye mji. Ebbsfleet ilianza huku ardhi nyingi ikiwa mikononi mwa kampuni binafsi, na kampuni haimwagi nyumba sokoni ikaiangusha bei yake yenyewe. Watu hulaumu mashimo. Mimi naulaumu mpangilio huo.

Nikihamia huko, nitapanda treni ya Eurostar kwenda Paris?

Hapana. Haijasimama hapo tangu 2020, ingawa stesheni bado inaitwa "International". Ila stesheni ya St Pancras, London, ni chini ya dakika 20 kwa treni ya kasi, na nauli yake ni ya juu kuliko ya treni za kawaida.

Mume wangu anasema ukinunua fleti Uingereza hujawa mwenye mali. Kweli?

Shemeji kasema kweli, dada. Mara nyingi unanunua haki ya kukaa kwa muda maalumu, kama hati ya miaka 99 ya Tanzania, tofauti ni kwamba mwenye ardhi huko anaweza kuwa kampuni. Kwa mikataba mipya mingi iliyotiwa saini tangu Juni 30, 2022, kodi ya ardhi aliyokuwa akilipwa mwenye ardhi imefutwa. Ada ya huduma haijafutwa: lifti, usafi, bima, ukarabati, na hupanda. Anayenunua nyumba inayojitegemea, si fleti, naye asijione amepona, kwani mitaa mipya mingi hutoza ada ya bustani na barabara za ndani. Kabla ya kusaini, mwambie mwanasheria wako aombe hesabu za ada hizo. Kama jengo ni jipya kabisa, aombe makadirio kwa maandishi.