Jibu: Gredi ya tatu na wanyama yatima Nairobi

Mwalimu, umeuliza kama watoto wa gredi ya tatu watajifunza lolote kwa kutazama tu wanyama yatima. Watajifunza sana, mradi wapate kisa cha mnyama mmoja. Wapeleke kwa ndovu wa Sheldrick, kituo cha kulea ndovu yatima, saa tano asubuhi wanapoletwa kunywa maziwa (weka nafasi mapema). Wamsikilize mtunzaji akieleza nani alitumbukia kisimani, nani mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe. Kisha waulize: kutumbukia kule kisimani kungezuiwaje? Hapo ndipo somo lilipo! Waelewe pia kwamba ndovu hawa wakikua hupelekwa sehemu kama mbuga ya Tsavo, wajifunze kuishi porini na wenzao. Kituo cha wanyama yatima cha Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), chenye simba, kiache siku nyingine; wadogo huchoka.