Jeti za brasi zikitoka na wekundu
Fundi mwenzangu wa Uyole, Mbeya, umeuliza kwa nini jeti za kabureta, vile vipande vidogo vya brasi vyenye tundu la kupitisha mafuta, zinatoka na wekundu ukizisafisha kwa kuzizungusha kwenye ngoma yenye maji, limau na sindano za stenlesi. Ni limau hilo. Ukizidisha asidi, au ukiziacha humo usiku kucha, inakula zinki iliyo kwenye brasi, juu inabaki shaba tupu. Weka maji, sabuni kidogo ya vyombo na maji ya limau kijiko kimoja tu, halafu chungulia mara kwa mara. Dawa za vioo zenye amonia usiguse kabisa, zinapasua brasi. Sindano za stenlesi ziwe nene kuliko tundu la jeti, maana ikinasa hata moja, pikipiki ya mtu itakosa mafuta katikati ya Mlima Nyoka. Suuza vizuri, kisha pulizia kwa kompresa. Kwa baridi ya Juni huko kwenu, kuanika peke yake hakutoshi.