Kumlipa mkulima apande maua ya nyuki, hela inarudi?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Tuko Singida tunaandaa mradi wa alizeti, mfadhili anataka tuwalipe wakulima watenge kipande cha shamba wapande maua ya nyuki kama wanavyofanya Ulaya. Hesabu inakubali kweli?

JIBU: Salama ndugu. Inakubali, ila inategemea unamlipia kipande gani na kwa muda gani, na mfadhili wako asikudanganye na ya Ulaya nusu nusu. England serikali ilifika kulipa pauni 739 kwa hekta kwa mwaka kwa anayepanda maua ya nyuki, matokeo yake kuna waliopiga hesabu wakaona maua yanalipa kuliko mazao wakaanza kugeuza shamba zima, mpaka Machi 2024 ikabidi wawekewe kikomo cha asilimia 25 ya shamba. Yaani ukilipa sana unaua kilimo, ukilipa kidogo hakuna atakayekuja.

Sasa faida. Kule Hillesden, Buckinghamshire, huko huko England, watafiti walitoa mpaka asilimia 8 ya ardhi kwenye uzalishaji wakafuatilia miaka 6, mavuno ya jumla hayakushuka. Kwa nini? Walichukua kingo za shamba ambazo hata kabla zilikuwa hazitoi kitu cha maana, halafu maharage yanayotegemea nyuki yakazaa zaidi yakafidia. Ngano yenyewe haihitaji nyuki ili izae, kwa hiyo ukimlipa mkulima wa ngano tupu ujue unanunua faida ya umma, yeye mfukoni haioni. Michigan, Marekani nako, kwenye matunda ya bluberi, mavuno yalipanda mwaka wa 3 na wa 4 tangu maua yapandwe, na gharama ikarudi. Miaka ya mwanzo ndo mkulima anaumia, na hiyo ndo ya kumlipia!

Kwa alizeti angalieni mbegu kwanza, maana chotara nyingi za siku hizi zinajichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, nyuki wanaongeza lakini ongezeko linaweza kuwa dogo kuliko mnavyoahidi kwenye andiko la mradi.

Mimi ningewapeleka njia ya Morocco. Watu wa ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, walijaribu huko robo ya shamba ipandwe mimea yenye maua ambayo pia inauzika, mfano giligilani, mkulima anauza, nyuki wanakula, na hamna hundi ya kila mwaka ambayo mradi ukiisha na maua yanang'olewa. Hela yenu iende kwenye mbegu na ushauri.

Mambo mawili wanayosahau wengi: mifugo inayoachiwa mashambani baada ya kuvuna itakula hayo maua yote, na sumu ikipigwa asubuhi alizeti ikiwa imechanua mtakuwa mmewaita nyuki waje kufa, basi mkataba useme ipigwe jioni nyuki wakisharudi. Na tengeni mashamba machache yasiyo na maua kabisa, mpime kilo kwa ekari pande zote mbili, bila hivyo mvua ikiwa nzuri mtasema ni nyuki.