Boksi la chokoleti kabatini kwa mama mkwe

*Shangazi, shikamoo. Krismasi iliyopita nilikwenda Kyela kwa wakwe zangu, mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Kwa kuwa wanalima kokoa, nilimpelekea mama mkwe chokoleti, lile boksi la bati lenye utepe, shilingi 55,000. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka kabatini. Tuliporudi Pasaka lilikuwa palepale, halijaguswa. Nilipolifungua, chokoleti zote zimeota ukungu mweupe. Mume wangu alicheka tu. Mimi niliumia, naona mama hajanikubali. Mwaka huu nipeleke nini, au niende mikono mitupu? — Mkamwana, Tabata.*

Marahaba mwanangu. Mikono mitupu kwa mama mkwe? Hilo hata usilifikirie.

Tuanze na huo "ukungu", maana nadhani ndio uliokutia uchungu zaidi. Sio ukungu. Mafuta ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako, ndiyo maana chokoleti huyeyukia mdomoni. Sasa kumbuka safari yenyewe. Pale Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakigombania madirisha, ndani ya basi kunachemka. Mnapanda Kitonga, mkifika Mafinga kila mtu anatafuta sweta. Tukuyu mvua na baridi, kisha mnateremka Kyela kwenye joto la ziwani. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda ovyoovyo namna hiyo, mafuta hupanda juu na kuganda kama vumbi jeupe. Ungeisugua kidogo kwa kidole chenye joto, weupe ungepotea. Ladha inapungua, lakini haimdhuru mtu. Ukungu wa kweli una manyoya.

Kwa hiyo mama hakuozesha zawadi yako. Inawezekana iliharibika kabla hujamkabidhi.

Halafu kabati. Hebu niambie, kwenye kabati hilo kuna nini kingine? Nina hakika kuna glasi ambazo hazijawahi kunywewa, sahani za maua, na seti ya vikombe inayomsubiri askofu. Kitu ambacho mama hakijali angewagawia watoto jioni ileile na wewe ungeokota makaratasi uani. Chako alikiweka mahali pa heshima. Wewe ulisubiri asifie, yeye akasubiri siku kubwa ya kukifungulia. Nani kamkosea nani hapo?

Fikiria pia kokoa ni nini kwake. Anachuma matunda yakishakuwa ya njano, anayapasua, wajukuu wanafyonza ule utelezi mtamu unaozunguka mbegu. Mbegu zinavundikwa karibu wiki nzima, zinaanikwa juani huku akiangalia wingu, zinapelekwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kisha anasubiri mnada. Kokoa kwake ni ada na mabati ya nyumba. Mbegu yenyewe ukiitafuna ni chungu. Halafu inakuja kutoka Dar imefungwa utepe, imechorwa maua, na mkamwana ameketi kwenye kochi anamtazama usoni! Mimi mwenyewe nilipopewa chokoleti mara ya kwanza niliitunza miezi mitatu, nikampelekea mke wa mchungaji. Kumbe ndani ina pombe. Alikula mbili ndipo akauliza.

Mwaka huu mpigie wifi yako kwanza. Muulize mama anahitaji nini, na kama ana tatizo la sukari, maana hilo mumeo hatakwambia. (Huyo naye, badala ya kucheka, angekueleza mapema kwamba mama yake ni mtu wa kutunza vitu.) Kitenge kizuri hakijawahi kumkosea mama mkwe. Hiyo ndiyo zawadi.

Chokoleti nayo peleka, lakini kidogo, na usimkabidhi ikiwa imefungwa. Siku hizi Dar zinapatikana zilizotengenezwa hapahapa nchini kwa kokoa ya Kyela. Tafuta hizo, na uchukue yenye maziwa. Zile nyeusi sana atadhani mmemtania. Zifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki zisipate unyevu, uzizungushie taulo, uziweke ndani ya hotpoti pamoja na chupa ndogo ya maji yaliyoganda. Hotpoti inayotunza joto la pilau inatunza baridi pia. Pakata mwenyewe, usimpe kondakta aitupe kwenye buti.

Mkishatoka kanisani, mama akiwa jikoni anamenya ndizi, kaa naye umenye. Fungua chokoleti hapohapo, mmegee kipande, ule na wewe. Mwambie hii imetoka kwenye kokoa ya huku. Akitema, mcheke pamoja. Akiomba kingine, mpe kabla watoto hawajanusa.

Lile boksi la bati usiliulizie tena. Ukilikuta bado kabatini, chungulia kwa siri: sitashangaa kama ndimo anamohifadhi stakabadhi zake za AMCOS.