Viatu vya ngozi vikiliwa soli, virudishe kwa waliovishona

Jozi yangu ya Oxford nyeusi, viatu vya kamba vya kuvalia suti, imerudi na soli mpya kutoka kiwanda cha Loake kilichoishona, kiko Kettering, Uingereza, nshaivaa ofisini na harusini, na tokea hapo kila anaeiona ananiuliza nimenunua wapi. Sijanunua pahala. Ni Loake ile ile niliyokuwa naivaa miaka, soli ilikuwa imeshaliwa mpaka imebakia karatasi. Kwa hio nimeona niandike yote niliyoyajua, mana hapa Unguja na Pemba watu wengi wana viatu vya maana ndani, ama kaletewa na ndugu yake alieko London, ama kavipata mitumbani Darajani kwa bei ya kutupa, na vikishaliwa soli basi vinatupwa au vinamalizwa kabisa kwa gundi na misumari. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu vingi katika hivyo bado vina umri wa miaka mingi ndani yake.

Cha mwanzo ujue kiatu chako kimeshonwa vipi. Kwenye viatu vya aina hii soli haikubandikwa moja kwa moja kwenye ngozi ya juu. Pembezoni kunazunguka utepe wa ngozi, mafundi wanauita welti, ngozi ya juu inashonwa pamoja na huo utepe na soli ya ndani, halafu soli ya chini inashonwa kwa uzi mwengine kabisa kwenye ule utepe tu. Katikati baina ya soli mbili wanajaza koki, ile ile inayofanyiwa vizibo, na hio ndio inayojibonyeza pole pole mpaka ikachukua umbo la unyayo wako. Sasa soli ya chini ikiisha wanakata ule uzi wa nje, soli inatoka, na kiatu chenyewe hakijaguswa. Mtindo huu unaitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mtoto, wa karne ya 19, babake ndie yule Mmarekani aliegundua namna ya kuupika mpira usiyeyuke kwa joto. Kampuni ya matairi walichukua jina tu.

Kujua kama chako ni cha hivyo huhitaji fundi. Tia mkono ndani na utazame. Ukiona mshono umezunguka juu ya soli ya ndani, hicho kimeshonwa kwa mtindo wa Blake, wa tokea 1858, nacho kinatengenezeka lakini kazi yake ni nyengine na si kila kiwanda kitakipokea. Ukiona ndani hapana mshono, na nje juu ya ukingo upo, ukigeuza kiatu na chini ya soli upo, basi hapo una Goodyear. Lakini tahadhari, viko viatu rahisi vimebandikwa ukingo wa plastiki wenye mshono wa kupambia, juu uzi unauona, chini hamna kitu. Na viko vizuri sana ambavyo chini mshono umefichwa ndani ya mfereji uliofunikwa, hapo ndipo utazame maandishi. Waingereza wana desturi ya kuandika kwa mkono kwenye bitana ya ndani, kwa wino, herufi ndogo ndogo, saizi na upana (F ni wa kawaida, G ni mpana zaidi) na namba ya kalibu, yaani gogo ambalo kiatu kilitengenezewa juu yake. Church's, washona viatu wa Northampton, kwa mfano kalibu yao moja mashuhuri ni 173, utaikuta imeandikwa humo. Ukienda mitumbani tembea na tochi ya simu, mulika ndani kwanza kabla hujatazama kingine chochote.

Na hio kalibu ndio sababu ya mimi kusema kipeleke kiwandani. Kalibu ni lile gogo lenye umbo la mguu ambalo kiatu kilivutwa juu yake siku kilipotengenezwa. Kiatu kikivaliwa miaka kinapanuka, kinapinda upande, pua inanyanyuka. Fundi yoyote mzuri anaweza kukutilia soli mpya, lakini ataitia kwenye kiatu kilivyo sasa hivi, kimepinda basi kitabaki kimepinda. Kiwandani wanakivua soli, kisigino na koki yote, wanakirudisha juu ya kalibu ile ile ya saizi yake, ndio wanakishona upya. Hakuna mwengine duniani mwenye hio kalibu isipokuwa wao. Pesa unayolipa, na si ndogo, ni zaidi sana ya anayotoza fundi wetu wa hapa, khasa unalipia hilo.

Sisemi mafundi wetu hawajui kazi. Kisigino kikianza kuliwa upande mmoja mpelekee fundi wa hapa hapa mapema, abadilishe ile ngozi ya mwisho ya kisigino tu, ni kazi ndogo na wanaifanya vizuri. Mshono wa juu ukiachia, pia. Ila soli nzima ya kiatu cha Goodyear usimuachie mtu asiekuwa na mashine ya kushonea welti. Kaka yangu mkubwa alikuwa na brogi za kahawia, vile viatu vyenye vitundu vya mapambo, nzuri mno, kuna fundi akamchania soli ya zamani akabandika mpira kwa gundi, na ili ukae vizuri akapiga misumari kuzunguka ukingo mzima. Misumari imepita kwenye welti ikatokeza ndani, ukitia mkono unaikuta imelala safu safu. Tulipowapelekea picha watu wa kiwandani wakajibu kwa upole tu kwamba soli ya ndani na welti vimeshatoboka, hawawezi kuvipokea. Ngozi ya juu ya viatu vile bado ilikuwa inang'ara.

Wakati wa kuvipeleka utaujua kwa kidole. Geuza kiatu, bonyeza kwa dole gumba pale katikati ya soli chini ya vidole. Soli nzima inakuwa ngumu. Ikianza kubonyea kama embe lililoiva, basi wakati umefika, usingoje tundu. Tundu likishatokea maji yanaingia kwenye koki, yanafika soli ya ndani, na soli ya ndani ikioza kazi inakuwa kubwa au haiwezekani tena.

Sasa niseme lililo kubwa zaidi kwetu sisi wa huku. Kiwanda kinaweza kubadilisha karibu kila kitu, lakini ngozi ya juu ndio kiatu chenyewe, ikishapasuka pale inapojikunja haina dawa. Na huku kwetu ngozi ina maadui zaidi kuliko Kettering. Unyevu tu peke yake unatosha, msimu wa masika ukiweka viatu kabatini vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukija kuvitoa vimeota ukungu mweupe. Upepo wa bahari una chumvi, ukikaa ofisi za karibu na Malindi au Forodhani ile chumvi inaganda kwenye ngozi, inaikausha, huioni mpaka ianze kukatika.

Halafu kuna mambo mawili ambayo sijaona mtu wa viatu wa Ulaya akiyaandika, kwa sababu wao hayawahusu. Sisi viatu tunavua na kuvaa mara nyingi kwa siku, msikitini, barazani kwa watu, nyumbani. Mtu anatoka kusali ana haraka, hafungui kamba, anaukanyaga ule ukuta wa nyuma wa kiatu anauponda chini halafu ndio anapenyeza mguu. Ule ukuta una ngozi ngumu ndani, ukishavunjika kisigino hakishikiki tena na kiatu kinakuwa kama ndara. Weka kijiko cha kuvalia viatu mfukoni, viko vidogo vya chuma havizidi kidole, na fungua kamba. Dakika moja tu.

La pili ni udhu. Miguu inatoka birikani inachuruzika, mtu anasali, anarudi bado ina majimaji baina ya vidole, anaitia kwenye kiatu cha ngozi kilichofungwa, tena kwa siku mara mbili au tatu. Bitana inaoza kutokea ndani, inaanza kuwa nyeusi halafu inachanika pale kisiginoni. Viatu vyangu hapo ndipo vilipokuwa vimeumia zaidi kuliko hata soli, na kiwandani wakatia bitana mpya ya kisigino. Dawa yake nyepesi mno, kitambaa cha pamba mkobani, kausha baina ya vidole, vaa soksi ndio uvae kiatu. Kama kazi yako inaruhusu acha ndara ofisini za kwendea msikitini, viatu vipumzike.

Ukungu ukitokea usivianike juani. Jua la huku linaikakamaza ngozi. Changanya siki kidogo na maji, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, viache kivulini penye upepo, vikikauka ndio upake rangi. Na tafadhali, mafuta ya nazi hapana, najua wazee wetu wengi wanayatumia kwenye makubadhi, lakini kwenye kiatu cha namna hii yanaitia ngozi weusi na kuilegeza. Kila ukivivua tia ndani kalibu za mbao za mwerezi kama unazo (si zile za kiwandani, hizi ni za kuhifadhia viatu tu), zinafyonza unyevu na kukunjua mikunjo, kama huna basi kurasa za gazeti la Zanzibar Leo zilizofinyangwa zinafanya kazi, uzibadilishe tu. Na usivae jozi moja siku mbili mfululizo, ngozi inataka siku nzima kukauka.

Kupeleka kwenyewe si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Piga picha za mwangaza mzuri, soli, kisigino, juu, pembeni, na zile herufi za ndani, watumie kwa imeili uwaulize kama wanavipokea na bei ni ngapi, kabla hujatoa hata shilingi ya usafiri. Waulize pia bei imejumuisha nini, kama bitana na kamba zimo. Si Loake peke yao wenye huduma hii, Church's wanayo, Crockett & Jones wa Northampton wanayo, na kama una viatu vya Kimarekani vya Allen Edmonds, hao ni wa jimbo la Wisconsin, walianza 1922, na kazi hii ni sehemu kubwa ya jina lao. Lakini lazima viwe vya kwao, kiwanda hakipokei kiatu cha mwenzake kwa sababu kalibu hana.

Mimi nilivipeleka kwa mtu aliekuwa akisafiri, akaviposti akiwa huko huko Uingereza, na vikarudi nyumbani kwa shemeji yangu mpaka alipopatikana wa kuja navyo. Ni nafuu kuliko kampuni za usafirishaji, ila unahitaji subira, kiwanda chenyewe kinachukua wiki kadhaa na msafiri nae ana ratiba yake. Ukitumia kampuni ya kusafirisha vifurushi andika wazi kwenye fomu kwamba ni viatu vilivyotumika vinakwenda kutengenezwa, weka nakala, weka picha za kabla, weka risiti ya kiwanda, ili vikirudi mtu wa forodha asivihesabu kama viatu vipya. Vipeleke vikiwa safi na vikavu, na toa kalibu za mbao na chochote usichotaka kipotee.

Vikirudi usitegemee muujiza kwenye ngozi ya juu. Vyangu mikunjo ya mbele ipo bado, imelainika tu, na mkwaruzo wa puani ukivitazama kwa pembeni kwenye mwanga unauona chini ya rangi. Kilichobadilika ni umbo. Pua imeshuka, kiuno cha kiatu kimerudi, ukingo umesagwa na kupakwa nta mpaka unateleza kwa kidole. Na vinabana! Koki ni mpya, haijajua mguu wako, kwa hio siku za mwanzo vaa saa chache chache nyumbani au ofisini, usivivae mara ya kwanza kwenye harusi ya kusimama usiku kucha.

Watakuuliza unataka soli gani. Ya ngozi ni nzuri kuitazama na mguu unapumua, na kama viatu vyako ni vya sherehe tu za ndani ichukue. Lakini kama unatembea nazo Mji Mkongwe kila siku, kwenye yale mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu, na mvua ikinyesha Darajani unapita kwenye madimbwi, omba ya mpira. Iliyo maarufu inaitwa Dainite, inatengenezwa Market Harborough si mbali na Kettering, ina vidoto vifupi chini ambavyo kwa pembeni havionekani, kwa hio kiatu kinabakia cha suti. Haifyonzi maji na haitelezi kama ngozi. Mie nilichagua hio, na watu wa kiwandani ndio waliokuwa wa kwanza kuniambia nifanye hivyo nilipowaeleza naishi wapi. Ukishaamua waandikie kabisa kwenye karatasi unayoitia ndani ya boksi, na kalamu ya wino usioyeyuka, pamoja na jina lako na namba ya simu ya yule aliekupa anuani yake huko.