Muulize Shangazi Nesi: Meno Yanasingiziwa Mengi

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miezi 22, na sisi watu wazima wawili tumekonda kwa ajili yake. Kila jioni nambeba begani nikimtembeza sebuleni mpaka alale, na siku hizi macho yanafumba saa nne usiku. Namshusha kitandani kwake kama nashusha mayai. Saa sita yuko wima, ameshika vizuizi vya kitanda, analia. Namrudisha begani. Saa nane tena, hapo nampa chupa ya maziwa. Saa kumi tena. Saa moja asubuhi anaamka anacheka, anayelia ni mimi. Mchana analala kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, nami nashukuru maana ndipo napumzika. Mama mkwe anasema ni meno. Jirani amenishauri nimpe kijiko cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Mume wangu amehamia kwenye kochi. Je, mtoto ana ugonjwa? – Mama Macho Makavu*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kijiko, kwa sababu hakiwezi kusubiri: usimpe. Baadhi ya dawa hizo zina promethazini, ambayo mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kupewa kabisa kwa kuwa inaweza kudidimiza pumzi yake hadi akafa. Na hata zile zisizo kali hivyo, kuna watoto zinawafanyia kinyume, badala ya kusinzia wanapanda makabati. Jirani ana nia njema. Mshukuru, kisha uiweke chupa hiyo juu, mbali.

Sasa nimechukua kalamu. Saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, saa 9. Mchana, saa 2 na nusu. Jumla 11 na nusu. Toa dakika kama 60 za kulia na kubembelezwa, zinabaki 10 na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo mwanao anapungukiwa nusu saa tu kufikia kiwango cha chini. Usingizi anao, ila mwingi umeangukia mchana, tena mchana wenyewe wa kuchelewa.

Nakueleza hili nikiwa na aibu kidogo. Mwanangu wa pili alipokuwa na umri huo nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Narudi asubuhi nimechoka, nafanya kazi za nyumbani, halafu alasiri tunajitupa wote wawili kitandani mpaka saa kumi na mbili jioni. Siku zangu za mapumziko, mtoto yuko macho hadi karibu saa sita usiku, ananiletea viatu ili twende matembezi. Nikawaambia watu wote kazini kwamba ni meno. Muuguzi mkuu wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaniuliza, "Analala saa ngapi mchana?" Nilipomjibu akacheka, akaendelea kupima joto. Meno yanasingiziwa mengi, mwanangu. Magego ya mwisho ya utotoni hutoka kati ya miezi 23 na 33 hivi, kwa hiyo mama mkwe hajakosea kalenda sana. Lakini jino humsumbua mtoto siku chache, kisha linamwacha. Halimwamshi saa sita, saa nane na saa kumi kila usiku kwa miezi.

Kinachotokea ni hiki. Tangu mtoto anapoamka, hamu ya usingizi inajikusanya kichwani mwake saa baada ya saa, na kila anapolala anaipunguza. Akilala mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, ukimtaka alale saa mbili usiku ni kama kumwekea mezani chakula cha pili mtu aliyeshiba. Hapo ndipo mwendo wa sebuleni unakuwa mrefu.

Kuamka nako ni kitu kingine, na hapa nataka unisikilize vizuri: kila mtu huamka usiku. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, wa mtoto mdogo una kama dakika 60 na wetu karibu 90, na mwisho wa mzunguko tunaibuka kidogo. Wewe unageuza mto na asubuhi hukumbuki. Yeye anaibuka, anatafuta alipokuwa. Chukulia umesinzia ndani ya basi ukimwegemea mwenzako, unashtuka basi limesimama gizani na kiti cha pembeni ni kitupu. Utalala tena? Mwanao alilala kwenye bega linalotembea, ameamkia godoro lisilotembea. Analiulizia bega lake. Tena yuko katika umri ambao kuachwa na mama kunauma kweli, hata mchana ukiingia bafuni anakusubiri mlangoni.

Mpeleke kwanza akaangaliwe masikio. Sikio bovu huuma zaidi mtoto anapolala chali, na sitaki tumfundishe kulala mtoto anayeumwa. Akiwa mzima, anza na asubuhi, usianze na usiku. Mwamshe saa kumi na mbili na nusu kila siku, Jumapili pia, na umtoe nje kwenye mwanga. Usingizi wa mchana uvute nyuma dakika 15 kila siku mpaka aanze kati ya saa sita na nusu na saa saba, na saa tisa umwamshe hata akinuna. Atanuna. Wiki ya kwanza jioni zitakuwa za shari.

Usiku usikimbilie kumlaza saa mbili siku ya kwanza. Mlaze pale anaposinzia kweli, hata kama ni saa tatu na nusu, kisha kila baada ya siku mbili au tatu urudishe dakika 15. Saa nzima kabla ya hapo punguza taa, zima televisheni na ufiche simu, maana mwanga mkali huuambia ubongo wa mtoto kwamba bado ni mchana. Halafu mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: kuoga, nguo za kulalia, kitabu kimoja, wimbo mmoja. Akiomba kitabu cha pili, hakipo. (Wa kwangu alikuwa wakili wa vitabu vya pili.)

Kisha mlaze angali macho. Najua, ni rahisi kusema. Vitabu vingi vinaishia hapo kana kwamba mtoto wa miezi 22 atasema asante na kufumba macho. Kaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkono kifuani mwake, usimtembeze. Atalia, na wewe uko hapo, hujamtupa. Baada ya usiku tatu nne toa mkono, ubaki kwenye kiti. Kisha sogeza kiti kuelekea mlangoni, hatua moja kila baada ya siku chache. Kuna wanaomwacha mtoto alie peke yake kwa dakika za kuhesabu, na kwa wengi inafanya kazi haraka zaidi. Mimi moyo wangu haukuweza, na kwa barua yako naona wako pia hauwezi. Usiku akiamka, rudia kile kile ulichofanya jioni, kwa sauti ya chini, bila taa na bila hadithi. Mara nyingi kilio huongezeka siku za mwanzo kabla hakijapungua. Wengi huacha hapo hapo, na mtoto anajifunza kwamba akilia sana bega linarudi.

Chupa ya saa nane ipunguze kidogo kidogo. Mtoto aliyepita mwaka, anayekua vizuri na kula mchana, hahitaji maziwa ya usiku wa manane, na maziwa yanayobaki mdomoni usiku ndiyo yanayooza hayo meno tunayoyasingizia.

Mume atoke kwenye kochi. Mgawane: yeye kabla ya saa nane, wewe baada yake. Watoto wengine humkubali baba haraka zaidi, kwa sababu bega lake hawajalizoea.

*Shangazi, binti yangu ana miaka 3. Kama saa moja na nusu baada ya kulala anakaa ghafla, anapiga kelele, macho wazi, jasho linamtoka, na nikimshika ananisukuma kana kwamba hanijui. Dakika kumi baadaye analala. Asubuhi hakumbuki kitu. Mimi ndiye nisiyelala tena. – Baba Mwoga*

Hiyo si ndoto mbaya. Ndoto mbaya huja zaidi alfajiri, na mtoto huamka akakutafuta. Hii ni hofu ya ndani ya usingizi mzito, hutokea mapema usiku, na wakati huo binti yako hayuko macho hata kama macho yamefunguka. Usimtikise wala usimhoji. Ondoa vitu vya kujigonga, kaa karibu, ngoja ipite. Huzidi mtoto anapochoka kupita kiasi au akiwa na homa, kwa hiyo mlaze mapema kidogo. Ikija saa ile ile kila usiku, mguse kwa upole dakika 15 kabla, ajigeuze tu, kisha alale, kwa wiki mbili hadi nne. Kama viungo vinakakamaa au kurukaruka, au inamrudia mara kadhaa katika usiku mmoja, mwone daktari. Na muulize mama yako kama wewe ulikuwa unatembea usingizini. Mambo haya hupenda kurithiwa.

*Mjukuu wangu wa miaka 2 na nusu anakoroma kama mzee. Tunamcheka, tunasema anafaidi usingizi. Ni sawa? – Bibi*

Shikamoo, Bibi. Akikoroma siku ana mafua, sawa. Akikoroma usiku mwingi wa wiki, hafaidi chochote. Huenda findo au nyama za puani zimevimba, njia ya hewa ikabana, na kila inapobana ubongo unamwamsha kidogo ili apumue. Ndiyo maana watoto hawa huhangaika kitandani, hulala wamepindua shingo, hutoka jasho, na mchana wanakuwa wakorofi badala ya kusinzia. Kliniki atakuwa macho, na daktari hataona kitu. Kwa hiyo usiku mfungue shati, umrekodi kwa simu dakika 2 au 3, kifua kionekane na sauti isikike. Ukiona pumzi inakatika halafu anaivuta kwa kishindo, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke kesho yake.